Maziwa ya Mama na Maradhi ya Saratani kwa Watoto

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa kumbukumbu ya jumuiya yetu, Musaga, Bujumbura





Nitasema juu ya jambo ambalo kwa desturi husemwa uani na jikoni, wala halisemwi mbele ya mkutano wa wanaume na wanawake pamoja. Jambo lenyewe ni kunyonyesha watoto, na uhusiano wake na maradhi ya saratani, ambayo wengi wetu twayaita kansa. Najua ya kuwa neno hilo la mwisho ni zito. Wapo wasiopenda hata kulitaja, husema tu “yale maradhi”. Mimi nitalitaja mara nyingi leo, nanyi mniwie radhi.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu ya maneno yapitayo mtaani kwetu kutoka ua hadi ua. La kwanza ni kwamba mtoto aliyenyonya vizuri hapatwi na saratani. La pili, ambalo limeingia karibuni kwa njia ya simu za mkononi, ni kwamba wataalamu wamegundua kirusi cha saratani ndani ya maziwa ya mama, na kwa hiyo afadhali mtoto apewe maziwa ya kopo. Maneno haya mawili yanapingana, na kila moja lina chembe ya ukweli ndani yake. Lakini kila moja likiachwa kama lilivyo, humdhuru mama. Na kutokana na yote mawili hutoka la tatu, lisilosemwa kwa sauti, nalo ndilo baya kuliko yote. Mtoto akipatwa na saratani, macho ya watu humgeukia mama yake. Huulizwa kama alimnyima ziwa, au kama maziwa yake yalikuwa mabaya. Mwanamke anayeuguza mtoto huongezewa mzigo wa kuhukumiwa na majirani, na pengine na mume wake mwenyewe.

Basi nitaanza na habari iliyotokea hapa hapa Afrika ya Mashariki, kwa maana sehemu kubwa ya elimu hii haikuanzia Ulaya kama wengi wadhanivyo.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alikuwako daktari mpasuaji kutoka Ireland aitwaye Denis Burkitt. Siku moja mwenzake, Daktari Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto wa kiume wa miaka kama mitano aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakupata kuona uvimbe wa namna ile, akashindwa kuueleza. Wiki chache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja, akatupa jicho dirishani, akamwona mtoto mwingine ameketi na mama yake nje, na uso wake umevimba vile vile. Alipompima akakuta na tumboni mna uvimbe. Hapo akatambua ya kuwa haya ni maradhi yenye njia yake maalumu, wala si bahati mbaya ya mtoto mmoja. Mwaka 1958 akaandika habari zake kwa madaktari wenzake, na hata leo saratani hiyo huitwa kwa jina lake, limfoma ya Burkitt. Ni saratani ya chembe nyeupe za damu, zile ambazo kazi yake ni kuulinda mwili, na huwapata zaidi watoto wa nchi zetu za joto.

Huyo Trowell aliyemwita mwenzake si mgeni katika habari ya kunyonyesha. Ndiye mmoja wa wale walioyachunguza kwa miaka mingi maradhi ya mtoto kuvimba miguu na nywele kugeuka rangi, yaani kwashakoo, au bwaki kama waitavyo ndugu zetu wa Kivu. Jina la kwashakoo lilitoka katika lugha ya watu wa Accra, na maana yake yahusu mtoto aliyeondolewa ziwani kwa sababu mdogo wake yuaja. Nalitaja hili kwa kuwa hapa kwetu bado wapo wanawake wanaomwachisha mtoto siku ile ile watambuapo kuwa wana mimba, wakiambiwa kwamba maziwa yamekwisha kuwa sumu. Si kweli. Maziwa ya mama mwenye mimba hayawi sumu, na mama mwenye afya na chakula aweza kuendelea kunyonyesha huku akifuata shauri la mkunga wake.

Turudi kwa Burkitt. Alitaka kujua maradhi yale yanapatikana wapi na hayapatikani wapi. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda motokaa kuukuu aina ya Ford, iliyonunuliwa kwa pauni 250, wakasafiri kwa majuma kumi kiasi cha maili 10,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakisimama katika hospitali moja baada ya nyingine na kuwaonyesha madaktari picha za watoto wagonjwa. Waliporudi walikuwa na ramani. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, palipo juu ya futi 5,000 hivi, yaani mita 1,500, maradhi yale hayakuonekana ila kwa nadra. Palipo chini, penye joto na mvua, yaliwapata watoto wengi. Na jambo lililowashangaza watu ni kwamba visiwa vya Unguja na Pemba, vilivyo chini, vyenye joto na mvua nyingi, maradhi hayo yalikuwa nadra huko. Visiwani kulikuwa kumefanywa kazi kubwa ya kupambana na mbu. Ndipo wataalamu walipoanza kusema kwamba malaria ina mkono wake katika saratani hii.

Tukiisoma nchi yetu kwa kipimo hicho, tutaona kwa nini jambo hili latuhusu sisi wa Bujumbura kuliko ndugu zetu wa milimani. Ziwa Tanganyika liko chini ya mita 800 kutoka usawa wa bahari, na bonde la Imbo ni nchi ya mbu. Musaga yetu iko kwenye miteremko, lakini miteremko ya chini, na mbu hawahitaji paspoti kupanda kilima. Wala watu wa juu wasijione wamesalimika. Wote twakumbuka jinsi malaria ilivyopanda hadi Kayanza, Ngozi na Karuzi mwaka 2000 na 2001, ikaua watu wengi ambao miili yao haikuwa imeizoea.

Kirusi nacho kilikuja kujulikana kwa njia ya ajabu. Daktari Anthony Epstein wa London alimsikia Burkitt akisema juu ya watoto wa Uganda mwaka 1961, akaomba awe akiletewa vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa muda mrefu hakuona kitu. Siku moja ukungu uliufunika uwanja wa London, ndege ikapelekwa Manchester, na kile kipande kikafika kimechelewa, maji yake yamekuwa meupe kama yaliyooza. Mtu mwingine angekitupa. Epstein alikitazama, akakuta kwamba weupe ule ulikuwa ni chembe za saratani zilizo hai, zikielea zenyewe ndani ya maji. Akaziotesha, na mwaka 1964 yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kwamba wameona ndani yake kirusi kisichojulikana. Leo kirusi hicho huitwa Epstein-Barr.

Sasa nataka msikilize kwa makini, maana hapa ndipo yale maneno ya simu yalipochukua kipande yakaacha kipande. Kirusi cha Epstein-Barr kimo ndani ya karibu kila mtu mzima aliyeketi hapa, nami nikiwamo. Hukaa ndani ya mate na ndani ya damu, na katika nchi zetu watoto wengi sana hukipata kabla ya kutimiza miaka mitatu, kwa mate ya mama, ya nyanya, ya ndugu wanaokula sahani moja, ya shangazi anayemtafunia mtoto chakula. Wengi wao hawaugui hata siku moja kwa sababu yake. Ni kweli kwamba uchunguzi uliofanywa upande wa Kisumu, Kenya, na kutolewa mwaka 2015, uliona alama za kirusi hicho katika maziwa ya akina mama, zaidi katika wiki za mwanzo baada ya kuzaa. Lakini mtu akisoma hayo na kumwachisha mtoto wake, atakuwa amefunga dirisha na kuuacha mlango wazi, kwa kuwa mate ya nyumba nzima yatamfikia mtoto yule yule, naye atakuwa amekosa kinga ya maziwa. Wachunguzi wenyewe hawakuwaambia akina mama waache kunyonyesha.

Kinachokigeuza kirusi hiki kuwa hatari ni malaria inayorudi tena na tena katika miezi na miaka ya mwanzo. Malaria huzichokoza zile chembe nyeupe ambamo kirusi kimejificha, zikaongezeka ovyo, na papo hapo huwachosha askari wa mwili waliopaswa kuzidhibiti. Katika kuongezeka huko ovyo, chembe moja huweza kukosea katika kujigawa, na kosa hilo moja likawa mwanzo wa saratani. Watoto wa kando ya Ziwa Victoria, palipo na malaria nyingi, walionekana kukipata kirusi mapema zaidi kuliko watoto wa nyanda za juu za Nandi. Huko North Mara, Tanzania, baina ya mwaka 1977 na 1982, watoto walipewa dawa ya klorokwini ili kuona kama saratani itapungua; ilipungua, lakini hesabu haikutosha kukata shauri, na baadaye malaria ikaizoea dawa.

Kwa hiyo mwanamke wa Musaga anayetaka kumlinda mtoto wake na saratani ya taya hana haja ya kuyaogopa maziwa yake. Amlaze chini ya chandarua, tangu mimba, na usiku wote, wala si usiku wa baridi tu. Ahudhurie kliniki ya waja wazito na ameze dawa ya kinga atakayopewa. Mtoto akiwa na homa, apimwe siku hiyo hiyo. Nawaambieni kweli, chandarua kilichotumika kuvulia ndagala au kufunikia mchicha bustanini ni mali ya mtoto iliyoporwa.

Nimesema kwa kirefu juu ya saratani ya taya kwa sababu ni yetu. Lakini lile neno la kwanza, kwamba maziwa ya mama huzuia saratani, latokana hasa na maradhi mengine, nayo ni saratani ya damu, inayoonekana zaidi katika hesabu za nchi za Ulaya na Marekani. Mwaka 2015 zilikusanywa pamoja chunguzi 18 zilizofanywa katika nchi mbalimbali, ikaonekana kwamba watoto walionyonya miezi 6 au zaidi walipatwa na saratani ya damu kwa uchache wa asilimia 19 kuliko wale wasionyonya au walionyonya muda mfupi. Mwaka 2024 ukatolewa uchunguzi wa Denmark, wa watoto zaidi ya 300,000 waliozaliwa baina ya 2005 na 2018, ambao wauguzi wa serikali waliwatembelea majumbani na kuandika jinsi walivyolishwa. Wale walionyonya maziwa ya mama peke yake kwa miezi 3 au zaidi walikuwa na hatari pungufu kwa kama theluthi moja, katika ile aina ya saratani ya damu iwapatayo watoto zaidi.

Haya ni maneno ya kheri, lakini hesabu ya mia kwa mia humdanganya mtu asiyeuliza mia ya nini. Chukueni mji wenye watoto laki moja. Katika mji huo, kwa mwaka mmoja, watoto kama wanne au watano watapatwa na saratani ya damu. Kunyonya kwaweza kumwondoa mmoja katika hao watano. Huyo mmoja ni mtu, ana jina na ana mama, na mwenye kumwokoa amefanya jambo kubwa. Lakini wale wanne waliobaki wataugua hata kama walinyonya miaka miwili kamili, na hakuna daktari duniani awezaye kumwelekeza kidole mtoto mmoja akasema, huyu ameugua kwa kukosa maziwa. Tena katika uchunguzi wa namna hii, akina mama wanaonyonyesha sana huwa pengine wanatofautiana na wengine kwa elimu, kwa kipato, kwa kutovuta sigara. Wataalamu hujitahidi kuyatenga mambo hayo, ila hayatengeki yote.

Na kuna jambo jingine ambalo ni letu peke yetu. Hapa Burundi uchunguzi wa afya wa 2016 hadi 2017 ulionyesha kwamba watoto zaidi ya 8 katika kila 10 walio chini ya miezi 6 wananyonya maziwa ya mama peke yake. Ni nchi chache zinazotushinda katika hilo. Basi yule mama ambaye mtoto wake amelala hospitali, kwa hesabu yenyewe, ni karibu hakika kwamba alimnyonyesha. Mwenye kumlaumu hana hata ushahidi wa kubahatisha.

Mtu ataniuliza, maziwa hufanya nini hata yakamsaidia mtoto katika jambo kubwa kama hili? Yajulikanayo ni haya. Saratani ya damu ya watoto mara nyingi huwa na hatua mbili. Ya kwanza hutokea tumboni mwa mama, kosa dogo katika chembe ya damu, ambalo hakuna aliyelisababisha. Na watoto wengi wenye kosa hilo hukua wakazeeka bila kuugua. Ya pili huja baadaye, na mwanazuoni wa Kiingereza Mel Greaves ameeleza kwamba hutokana na kinga ya mwili ambayo haikufunzwa mapema, ikikutana na maambukizo ya kawaida ikayapiga kwa fujo kupita kiasi. Maziwa ya mama ni mafunzo ya kinga hiyo. Ndani yake mna askari waliokwisha kupigana na maradhi ya nyumba ile ile ambamo mtoto anaishi. Mna pia aina za sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga hata kidogo. Zimo kwa ajili ya kuwalisha vijidudu vyema vya tumboni mwake. Yule mwanamke ambaye hakusoma darasa lolote, aliyekaa kibarazani na mtoto kifuani, ana duka la dawa ambalo kiwanda hakijaweza kuliiga sawasawa.

Yale maziwa ya kwanza kabisa, ya manjano na mazito, yaitwayo dang'a, ndiyo yenye askari wengi kuliko yote. Wapo bado wakongwe wanaoamuru yakamuliwe na kumwagwa, kwa kuwa rangi yake si ya maziwa. Bibi zangu, nawaheshimu, lakini hilo tuliache.

Pia mama mwenyewe hupata faida, na hapa ushahidi ni mzito zaidi kuliko wa mtoto. Mwaka 2002 zilijumlishwa chunguzi 47 kutoka nchi 30, ikaonekana kwamba kila miezi 12 ambayo mwanamke amenyonyesha katika maisha yake humpunguzia hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia zaidi ya 4, mbali na faida apatayo kwa kila uzazi. Mwanamke aliyelea watoto watano, kila mmoja miaka miwili, na ahesabu mwenyewe.

Sasa niseme na wanaume, na masheikh watanisahihisha nikikosea. Wengi wetu twajua kwa moyo kwamba Qur'an imetaja miaka miwili kamili kwa mwenye kutaka kutimiza kunyonyesha. Twaipenda sehemu hiyo, twawasomea wake zetu. Lakini aya ile ile, ya 233 katika Sura ya Al-Baqara, haikuishia hapo. Imemwekea baba chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha, kwa wema na kwa kadiri ya uwezo wake. Imekataza mama asitiwe mashakani kwa sababu ya mtoto wake. Na imesema kwamba wakitaka kumwachisha mapema kwa kuridhiana na kushauriana, hapana lawama. Basi miaka miwili si amri ya kumtupia mwanamke mmoja abebe peke yake. Ni mapatano ya watu wawili, na wa kwanza kutoa gharama ni mwanamume.

Nasema hivi kwa sababu mama wa Musaga wa leo si yule wa hadithi anayeketi nyumbani siku arubaini akipikiwa mchuzi. Wengi huteremka sokoni alfajiri na beseni la ndizi au la ndagala kichwani, na wengine huwaacha watoto wachanga kwa dada yao wa miaka tisa. Mtu akimtaka mke wake anyonyeshe miezi sita bila kumwonjesha mtoto hata maji, basi miezi hiyo sita amlishe yeye. Maharage, lengalenga, dagaa hao hao, na maji ya kutosha ya kunywa. Ikiwa hana budi kutoka, ajifunze kukamua maziwa kwa mkono katika chombo safi chenye kifuniko, mtoto apewe kwa kikombe. Yaliyokamuliwa hudumu saa kama nne mahali pasipo na jua, katika joto letu yasizidi hapo. Baada ya miezi sita ndipo uji wa sosoma uingie, pamoja na ziwa, wala usiwe badala ya ziwa.

Wako ambao hawawezi. Wako waliofiwa na mama wakati wa kuzaa, wako wagonjwa sana. Mtoto huyo apewe maziwa ya kopo kwa maji yaliyochemshwa na kipimo kamili, kwa shauri la kituo cha afya, na mtu asimtazame mlezi wake kwa jicho baya. Dini yetu imejua mama wa kunyonya tangu zamani; Mtume mwenyewe alinyonyeshwa na Halima wa Banu Saad, na kunyonya huko kuna hukumu zake za undugu ambazo lazima ziandikwe na kukumbukwa, ili watoto wasije wakaoana bila kujua. Siku hizi apimwe kwanza damu yule anayejitolea. Ama mama mwenye virusi vya ukimwi anayemeza dawa zake kila siku, Shirika la Afya Duniani tangu 2016 limesema aweza kunyonyesha miezi 12 na kuendelea hata 24, mradi asikatize dawa. Kumnyang'anya mtoto wake kwa hofu ni ujinga wa zamani. Na wenye kuyasifu maziwa ya kopo barabarani wajue kwamba tangu mwaka 1981 iko kanuni ya mataifa inayokataza kuyatangaza kwa watu na kugawa vikopo vya bure kwa akina mama.

Limebaki jambo moja ambalo kwangu ndilo kubwa. Maziwa, chandarua na dua, vyote vimefanyika, na bado mtoto aweza kuugua. Hapo kinachomwokoa ni upesi. Limfoma ya Burkitt ni katika uvimbe unaokua kwa haraka kuliko wowote unaompata binadamu. Waweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto anayeonekana leo na shavu lililojaa kidogo, Ijumaa ijayo jicho lake litakuwa limesukumwa nje. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ya kukua upesi, huyeyuka upesi kwa dawa. Burkitt mwenyewe, katika miaka ya 1960, aliona watoto wa Uganda wakipona kwa dawa za sindano chache, jambo ambalo Ulaya ilikuwa haijaliona kwa saratani nyingi. Katika nchi zenye hospitali kamili, watoto 9 katika 10 hupona. Kwetu wanaopona ni wachache zaidi, na sababu moja kubwa ni wiki zilizopotea njiani.

Wiki hizo hupotea wapi, sote twajua. Meno ya mtoto yakilegea kabla ya wakati wake, husemwa ni meno tu. Uvimbe wa taya huchuliwa kwa dawa ya miti. Mtoto hupelekwa kukatwa kilimi, au kuchokolewa ufizi kwa kitu kisichochemshwa. Wengine husema kuna mkono wa mtu, wakaanza kumtafuta jirani. Mzee anayetaka kumsomea mtoto na amsomee, hata njiani kwenda hospitali.

Dalili ni hizi, na akina mama wazishike kama wanavyoshika siku za chanjo. Taya au tumbo linalovimba katika siku chache. Meno yanayolegea bila sababu. Jicho linalotokeza nje, au mboni inayong'aa nyeupe kama ya paka katika mwanga. Mtoto anayepauka, mwenye homa isiyokwisha ingawa malaria imetibiwa, anayetokwa damu ufizini au puani, mwenye madoa ya damu chini ya ngozi, anayelia akiguswa mifupa. Mara nyingi haitakuwa saratani. Mwache daktari aseme hivyo.

Matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5 katika vituo vya serikali hapa nchini yalifanywa kuwa bila malipo tangu Mei 2006, kwa hiyo hatua ya kwanza haina gharama ya kumzuia mtu. Ikionekana haja ya kwenda mbali, kituo cha saratani cha Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kilifunguliwa mwaka 2012, na Taasisi ya Saratani ya Uganda ipo Mulago tangu 1967, mahali pale pale Burkitt alipomwona mtoto wake wa kwanza. Safari ina gharama, na hapo ndipo mfuko wa jumuiya unapohitajika. Namwomba Mwenyekiti jambo hilo liingie katika hesabu za mwaka ujao kabla hajatokea mwenye shida, kwa sababu mchango unaokusanywa wakati mtoto anazidi kuvimba hufika umechelewa.

Na mtoto akiwa hospitalini, akiwa bado ananyonya, aendelee kunyonya. Dawa kali za saratani humwingia yeye, hazimwingii mama, na maziwa huweza kuwa ndicho chakula pekee atakachokikubali mdomo wenye vidonda.

Baada ya sala ya Alasiri wakunga wawili watakaa upande wa wanawake kwa maswali, na mimi nitakuwa huku barazani kwa wanaume. Asione haya mtu kuuliza.